Ngoma ya maji na gitaa: jibu kwa mtunzi wa nyimbo wa Syracuse

Swali: Mimi ni mtunzi wa nyimbo, nimezaliwa Bukavu na sasa naishi Syracuse, jimbo la New York. Naimba na gitaa la kawaida lisilo la umeme, nyimbo za kusimulia maisha. Kwenye maonyesho ya jimbo niliwasikia waimbaji wa Iroquois wakipiga kangoma kadogo kenye maji ndani, nikawarekodi kwa simu. Tangu siku hiyo ule mdundo haunitoki kichwani. Nataka kuuweka chini ya gitaa langu katika wimbo wa Kiswahili. Je, inaruhusiwa? Nitaunganishaje vitu hivi viwili bila kuharibu? Na nikiupakia mtandaoni, niuite muziki gani?

Jibu:

Dada, nianze na ile rekodi ya simu kwa kuwa jibu lake ni fupi. Usiikate vipande na kuizungusha chini ya gitaa. Waliokuwa wakiimba pale ni watu wenye majina, na huenda wimbo wenyewe una mtunzi aliye hai. Isikilize nyumbani, jifunze kwayo, basi. Hayo mengine yanawezekana, na wenyewe wameyafanya miaka mingi kabla yako na yangu. Watunzi wengi wa nje huchukua sauti ya ngoma na kuliacha umbo la wimbo. Ningekuwa wewe ningefanya kinyume chake: ningejifunza umbo, na ngoma ningeiacha mikononi mwa wenye nayo.

Kwanza ujue unaishi kwa nani. Iroquois ni jina walilopewa na wageni; wao hujiita Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca, na Tuscarora ambao walipokelewa mnamo 1722 baada ya kuhama kutoka North Carolina. Syracuse imejengwa juu ya ardhi ya Onondaga. Taifa lenyewe lipo hadi leo kusini kidogo mwa jiji, na ndilo linalotunza moto wa katikati wa muungano. Baraza kuu hukutana huko. Kwa hiyo hauko mbali na chanzo, na hilo linakuongezea wajibu. Mtu wa Nairobi akinakili mdundo kutoka kwenye intaneti tunaweza kumsamehe kwa umbali. Wewe ni jirani.

Sasa kuhusu ruhusa. Nyimbo zao si kapu moja. Zipo za ibada, za tiba na za vyama vya waganga, na zipo za kuchezwa na kila mtu, ambazo wao huziita nyimbo za dunia. Zile za kwanza hazichezewi nje ya mahali pake. Manyanga makubwa ya gamba la kobe wa majini ni ya ibada, na vinyago vya tiba wazee wao hawataki hata vipigwe picha. Wewe umekulia mahali ambapo mambo ya jandoni na unyagoni hayatangazwi barabarani, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zaidi. Ulichosikia kwenye maonyesho kilikuwa karibu kwa hakika nyimbo za dunia, maana ndizo zinazoonyeshwa hadharani, kila moja na uchezaji wake: ngoma ya sungura, ngoma ya moshi yenye mwendo wa kasi, ngoma ya duara, na ile ya wanawake ya kuburuza miguu ambayo huitwa eskanye.

Nitakaa kwenye eskanye, kwa sababu ndipo mlango ulipo wazi. Wanawake hupanga mstari na kuzunguka kinyume cha saa, nyayo zikisugua ardhi bila kuinuka. Katikati, kwenye benchi, wamekaa waimbaji: mmoja na ngoma ya maji, wengine na manyanga ya pembe ya ng'ombe. Zamani waimbaji hao walikuwa wanaume. Siku hizi yapo makundi ya wanawake yanayosifika, kama Six Nations Women Singers wa Ontario, walioongozwa na Sadie Buck. Kitu ambacho wageni hawakitarajii ni kwamba nyimbo hizi hutungwa upya kila mara. Si urithi uliogandishwa. Avery Jimerson, Mseneca wa Allegany aliyefariki katika miaka ya 1980, alijulikana kote kwa nyimbo mpya alizotunga, akiimba pamoja na mkewe Fidelia. Wapo watunzi walioingiza maneno ya Kiingereza ya utani, na wapo walioazima lahani za nyimbo za redio wakazinyoosha mpaka zikakaa ndani ya umbo. Vipo pia vyama vya waimbaji ambavyo kazi yake ni kusaidiana: kumkatia mgonjwa kuni, kusimama na wafiwa. Vyama hivyo hukutana kutoka jumuiya mbalimbali kuimbiana nyimbo zao mpya, na fedha zinazopatikana hubaki kusaidia watu. Kwa hiyo anayeuliza kama muziki wa Haudenosaunee unaweza kuchanganywa na utunzi wa kisasa anauliza jambo ambalo eskanye ilishalijibu yenyewe. Utunzi wa kisasa umo ndani yake.

Umbo lake ni hili. Kiongozi anaimba kipande cha kwanza peke yake, na ngoma chini yake inatetemeka kwa mapigo ya haraka yasiyohesabika. Kisha wenzake wanaingia na kukirudia, na hapo ndipo mdundo unapotulia ukawa pigo moja moja, thabiti, la mwendo wa kati, manyanga yakienda sambamba. Kinafuata kipande cha pili, kinarudi cha kwanza, kinarudi tena cha pili, na mara nyingi ngoma hutetemeka mwishoni kufunga. Wimbo mzima hauzidi sana dakika moja. Mara unaanza mwingine, na mwingine, wachezaji wakiendelea kuzunguka. Lahani hutumia zaidi skeli ya sauti tano, huanzia juu na kuteremka, na huishia kwenye sauti ya chini inayorudiwarudiwa. Maneno mengi ni silabi zisizo na maana ya kamusi, na koo haikazwi kama kwenye nyimbo za makabila ya nyanda za magharibi ambazo huenda umezisikia kwenye sinema. Wanaume na wanawake huimba lahani ile ile, mmoja juu na mwingine chini. Kwaya ya sauti nne haipo hapo.

Ngoma yenyewe ni ndogo, inashikwa kwa mkono mmoja. Zamani ilichongwa mti. Leo utaona hata ya bomba la plastiki, na hakuna anayeona haya. Ndani mna maji kidogo. Ngozi iliyolowekwa inavutwa juu ya mdomo na kubanwa kwa pete iliyozungushiwa kitambaa. Mpigaji huigeuza ngoma ili maji yailoweshe ngozi, kisha huivuta na kuijaribu mpaka apate sauti anayoitaka, kavu, ya juu, inayofika mbali kuliko ukubwa wa chombo unavyokudanganya. Kijiti cha kupigia ni kidogo pia. Jambo la kukumbuka ukiwa studio ni kwamba sauti hiyo haitulii. Ngozi ikikauka inapanda, ikilowa inashuka. Ukisawazisha gitaa lako na ngoma saa nne asubuhi, saa sita hazielewani tena. Usipambane nayo. Mpe mpigaji muda wa kuilowesha kati ya wimbo na wimbo, na wala usimwekee mwangwi mkubwa, kwa sababu ule ukavu ndio unaofanya isikike kama yenyewe.

Hapa ndipo gitaa linapoleta matatizo mawili.

La kwanza ni kodi, yaani sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja. Lahani ya kuteremka yenye sauti tano haiulizi kama iko kwenye meja au maina, zile skeli kuu mbili za muziki wa Ulaya. Gitaa linajibu swali ambalo halikuulizwa. Ukiweka kodi tatu za kawaida, C, F, G, lahani inageuka kuwa wimbo wa Jumapili, na sikio la msikilizaji linaanza kusubiri kodi irudi nyumbani badala ya kusikiliza sauti inavyoshuka. Dawa ninayoipenda ni kusawazisha nyuzi sita za gitaa D-A-D-G-A-D, jinsi wapigaji wengi wa nyimbo za masimulizi wa Uingereza na Ireland wanavyofanya. Nyuzi zikiwa wazi hazina ile sauti ya tatu inayotenganisha meja na maina. Zinabaki kama sakafu. Acha nyuzi za besi zivume, na vidole vifuate lahani yako badala ya kuipangia kodi. Badilisha kodi mara moja au mbili tu katika wimbo mzima, na zihifadhi kwa kipande cha pili.

Tatizo la pili ni hesabu. Kwenye mtetemo wa mwanzo hakuna pigo la kushika. Mafundi wa studio hupenda kuweka kliki, yaani mlio wa kuhesabia mapigo, masikioni kuanzia sekunde ya kwanza, halafu wanashangaa kwa nini mtetemo unasikika kama mvua ya bandia. Katika mtetemo, gitaa linyamaze kabisa au livume uzi mmoja. Liingie pale waitikiaji wanapoingia. Sauti ya mtu mmoja inayoning'inia, kisha kundi zima linapokanyaga pamoja, ndiyo inayomvuta msikilizaji, na watunzi wa nje huifuta bila kujua kwa sababu wanataka gitaa lianze na utangulizi wa mistari minne. Rekodini wote mkiwa chumba kimoja, mkitazamana. Ikibidi kliki iwepo, iwepo baada ya hapo tu.

Kuna walioipita njia hii wakiwa wenyewe wa muziki huu, na ningekuomba uwasikilize kwa makini kabla hujashika kalamu. Wa kwanza ni Joanne Shenandoah wa Oneida, wa ukoo wa mbwa mwitu, aliyezaliwa 1957 na kufariki Novemba 2021. Alifanya kazi za kompyuta Washington kabla ya kuiacha na kurudi nyumbani kuimba. Alikuwa na mikono miwili. Kwa mkono mmoja aliandika nyimbo za gitaa kama mtunzi yeyote wa Marekani wa kizazi chake. Kwa mwingine, mwaka 1996, alitoa albamu ya nyimbo za wanawake wa Iroquois iitwayo Matriarch, ambamo zile za eskanye zinapunguzwa mwendo, sauti yake inapangwa tabaka juu ya tabaka, na vyombo vya kisasa vinaingia kwa adabu. Wapo wanaoona ni laini mno, muziki wa kupumzikia. Nakubaliana nao kwa baadhi ya nyimbo. Lakini sikiliza asichokigusa: mstari wa lahani haupindwi ili umfuate mpiga kinanda. Chombo ndicho kinachomfuata mwimbaji.

Wa pili ni Robbie Robertson, yule mpiga gitaa wa bendi ya roki The Band aliyefariki 2023. Mama yake alitoka Six Nations, jumuiya ya Haudenosaunee huko Ontario, Kanada, na ni kwa ndugu zake huko alikoona gitaa likipigwa akiwa mtoto wakati wa likizo. Kwa miongo mingi aliandika nyimbo ambazo ziliwafanya watu wadhani ni mtu wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1994 ndipo alipotoa albamu ya muziki wa wenyeji wa bara lile, na katika ile ya 1998 Six Nations Women Singers wanasikika wenyewe. Yeye alikuwa na damu ya Mohawk na Cayuga, alikuwa na jina kubwa, na bado aliwaita waimbaji wa nyumba ndefu badala ya kuwaiga. Hilo lichukue lilivyo. Wa tatu ni akina mama wa Akwesasne, jumuiya ya Mohawk iliyokatwa na mpaka wa Marekani na Kanada, wanaojiita Kontiwennenhá:wi. Bear Fox, mmoja wao, hutunga kwa Kimohawk nyimbo rahisi kuzishika, ambazo mtoto anaweza kuimba shuleni na gitaa likazisindikiza bila kuzilemea. Kwangu mimi hizo ndizo zilizo karibu zaidi na unachotafuta.

Nikuonye pia kwamba si kila mzee atafurahi kuona gitaa. Mwaka 1799 nabii wa Seneca aitwaye Handsome Lake alipata maono, na mafundisho yake bado yanasomwa katika nyumba ndefu nyingi, yaani majengo yao ya ibada na mikutano. Ndani yake kuna kisa cha kijana wa ng'ambo ya bahari aliyepewa furushi la vitu vya kuwapelekea watu wa nchi hii: pombe, karata, sarafu, mfupa uliooza, na fidla. Fidla! Ilihesabiwa pamoja na ulevi kwa sababu ilileta dansi za kukumbatiana viunoni. Hata hivyo fidla iliingia, ikapigwa, na katika jumuiya za Kikristo zikaja bendi za matarumbeta na kwaya. Waoneida wa Wisconsin wanaimba tenzi kwa lugha yao, kwa sauti za kwaya kamili, na mwaka 2008 walipewa tuzo ya kitaifa ya Marekani ya sanaa za jadi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema gitaa si la kwetu, na mwingine akasema babu yangu alipiga fidla kila Jumamosi, wote wawili wanasema kweli. Usijitie katikati ya ugomvi huo. Usipeleke gitaa nyumba ndefu, basi.

Turudi kwenye wimbo wako. Usitunge wimbo wa Iroquois. Tunga wimbo wako wa Kiswahili uliojifunza umbo lao. Silabi zao zisizo na maana usizichukue. Masikioni mwa wenyewe si upuuzi, na mgeni akizitamka zinageuka kuwa maigizo. Kwenu Kivu hakukosi miito na vigelegele vya kujaza nafasi hiyo. Lahani ya kushuka, kwa bahati nzuri, inakipenda Kiswahili. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kimohawk nacho kwa kawaida hukaza hapo hapo, kwa hiyo mstari wao unapofika chini na kugota, neno la Kiswahili linakaa bila kusukumwa. Tofauti iko midomoni. Kimohawk hakina sauti za b, p wala m katika maneno yake ya asili. Mtu anaimba bila midomo kugusana na pumzi haikatiki. Kiswahili kimejaa hizo. Basi kwenye kipande cha kwanza, kile cha mtu mmoja, chagua maneno yenye irabu pana na herufi laini, na hayo ya "mbona" na "pambana" yaweke kwenye mwitikio, ambapo pigo la ngoma litayabeba.

Ufupi nao ni somo. Wewe unasimulia, na msimulizi hupenda beti sita. Jaribu nyimbo nne za dakika moja na robo badala ya mmoja wa dakika tano, zote kwa mwendo mmoja, zifuatane bila maelezo katikati. Kila moja iwe na jambo moja tu: mama anavuka ziwa Kivu, binti anasubiri basi kwenye theluji, na kadhalika. Utaona kwamba kurudia kipande kile kile mara mbili kunamfanya msikilizaji asikie neno ambalo mara ya kwanza lilimpita.

Sasa, ngoma. Unaweza kuununua mzinga wake, mafundi wapo na wanauza, lakini mimi ningemwalika mpigaji. Anza kwa kwenda kusikiliza mara kadhaa bila kuomba kitu. Pwani ya ziwa Onondaga, mji wa Liverpool, kuna kituo cha Skä•noñh kinachoeleza historia ya Haudenosaunee kwa sauti yao. Ganondagan, karibu na Victor, ni eneo la kihistoria la Waseneca na wana tamasha la muziki majira ya joto. Ukifahamiana na mwimbaji, mpelekee nyimbo zako zikiwa nusu, gitaa na sauti tu, umuulize kama anaona nafasi ya ngoma humo. Anaweza kukataa. Anaweza pia kukuambia ngoma haihitajiki hapo ila manyanga ya pembe, na mara nyingi atakuwa sahihi. Mkubaliane malipo kabla ya kurekodi, na kama amebadilisha lahani au ameongeza kipande, jina lake liingie kama mtunzi mwenzako, pamoja na mgawo wake wa mirabaha. Sheria ya hakimiliki haizilindi vizuri nyimbo za mapokeo zisizo na mtunzi anayejulikana, kwa hiyo usinijie na hoja kwamba wakili amesema ni halali. Wakili hakai Onondaga.

Swali lako la mwisho, la jina. Fomu za kupakia muziki zina kisanduku cha aina, na humo utaona aina ya muziki wa wenyeji wa Amerika. Usikibonyeze hicho, hata kama kitakuletea wasikilizaji. Chagua ile ya muziki wa kiasili wa watunzi, au ya muziki wa Afrika ukipenda, lugha andika Kiswahili. Kwenye maelezo andika nani amepiga ngoma ya maji, wa taifa gani, kama yeye mwenyewe ameridhia liandikwe, na tahajia ya jina la taifa lake muulize yeye, kwa sababu Onondaga na Seneca hawaandiki kila neno sawasawa.